Zamu ya Usiku, Dundee

Windows imeomba tena izimwe, iwashwe.
Asilimia thelathini. Usizime kompyuta.
Kama mgeni aogaye saa nzima,
wenye nyumba mlangoni, taulo begani.

Mac ya Bi Elspeth haina makuu,
ila kila vuli hujisasisha,
ikaamka haimjui printa.

Kule stoo, chini ya bomba linalovuja,
Linux niliyoipanga kwa mkono, amri kwa amri,
siku mia tisa haijalala.
Naiogopa.
Viraka vyake vimerundikana;
ufa nauona, mkono hauthubutu.

Thelathini na moja.
Theluji imeanza juu ya mto Tay.
Chai imepoa. Mgongo unaniuma tangu Machi,
na zahanati imeniletea ujumbe wa tatu:
njoo upimwe.

Nikumbushe baadaye,
nabonyeza.