Vitambaa vya Desanka

Tangu bomba la tatu liwashwe
Desanka huanika kitambaa kimoja cheupe kila alfajiri,
hukianua jua likizama,
hudarizi tarehe pembeni kwa uzi mwekundu,
kisha hukikunja, hukitia kwenye mtoto wa meza.

Kipimo cha hewa pale halmashauri
huharibika kila upepo ukivuma kutoka kiwandani.
Fundi huitwa.
Fundi huja upepo ukishageuka.

Mwaka ule mkataba uliposainiwa, huku mashariki ya Serbia,
tulichinja kondoo, tukamimina pombe ya plamu
mpaka viatu vya waziri vikalowa.
Nani angekataa? Mgodi ulikuwa umelala miaka tisa,
vijana wakipanda basi la Vienna na masanduku ya kufunga kwa kamba.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
na kweli tulipona, tukianzia mifukoni.
Vukašin, mwanawe, alirudi.
Mshahara wa tanuri ukamnunulia mama mashine ya kufulia,
nayo mashine tangu hapo haijapumzika,
inafua masizi ya tanuri.

Plamu sasa huiva upande mmoja.
Nyuki wa padri wamehama bila kuaga.
Daktari anasema "mzio tu",
halafu anafunga dirisha.

Juzi mkutanoni Desanka alivimwaga mezani
vitambaa mia nne na kumi na moja,
kuanzia rangi ya maziwa hadi rangi ya tako la sufuria.
Afisa wa wizara akauliza kama vimethibitishwa na maabara.
Mtu wa benki, aliyeshuka kwenye ndege asubuhi
na tiketi ya kurudi jioni,
alisifu darizi.

Mhandisi Qiu peke yake ndiye aliyegusa.
Analala kwenye makontena nyuma ya kiwanda,
mwaka wa tatu hajamwona bintiye.
Alitafuta tarehe fulani, akaipata,
akakisogeza kitambaa puani,
akakohoa,
kikohozi kilekile cha Vukašin, kikavu, cha mapigo mawili,
na mkalimani hakuwa na la kutafsiri.

Shaba yetu, wanasema, huenda mbali
ikawe nyaya za magari yasiyotoa moshi.
Naamini.
Moshi wake ulishatoka,
uko hapa, kwenye mtoto wa meza,
umekunjwa vizuri.

Kesho Jumatano. Vukašin ana zamu ya usiku.
Uzi mwekundu umekwisha;
Desanka atatumia wa buluu.