Wingu la Barabara ya Koboko

Bili ilifika Jumanne, kwa dola.
Mashine niliyoisahau ikiwaka kule ng'ambo
ilikuwa imekula usiku kumi na tisa
ikingoja kazi ambayo sikuipa.
Candiru, mweka hazina wetu, alisoma tarakimu,
akanyamaza, kisha akauliza:
"Hilo wingu lenu, mbona linanyeshea kwao
na mwavuli tunanunua sisi?"

Tangu hapo natengeneza wingu langu mwenyewe.
Nalitengenezea hapa Arua, barabara ya kwenda Koboko,
katika kontena la chuma lililowahi kubeba mitumba
na sasa lina dirisha moja lililokatwa kwa gesi,
meza, na feni isiyogeuza shingo.
Kontena ndani ya kontena:
naandika amri, mstari usiofika nusu ya kioo,
na kompyuta ya mkono wa pili
inaota vyumba kama uyoga.
Hiki cha mafaili. Hiki cha foleni ya ujumbe.
Hiki cha kilo za asali
za wafuga nyuki wa Terego na Maracha.
Kila kimoja kinadhani kiko peke yake duniani.

Drajiga, aliyeleta ndoo mbili
na bado ananuka moshi,
aliinama begani kwangu akatazama.
"Ni mizinga," alisema.
Sikumsahihisha.
Kila kundi na malkia wake,
kila mzinga na mlango wake mdogo wenye namba,
na ukichoma mmoja
mingine haisikii hata harufu.

Basi nauchoma mmoja, kusudi.
Nazima chumba cha kilo katikati ya malipo
nione shilingi za Drajiga zitaangukia wapi.
Zinaanguka.
Narekebisha. Nachoma tena.
Shilingi bandia, saa tatu nzima, bila senti ya mtu.
Umeme unakatika, betri inashika,
wingu langu halina habari na nyaya za nje.
Nalifuta lote, nalijenga upya
kabla chai ya tangawizi haijapoa.

Ijumaa nikaipeleka kazi ng'ambo, kwenye wingu la kulipia.
Likanizuia mlangoni: huna kibali.
Kibali!
Nyumbani sikuwahi kuulizwa.
Huku mimi ndiye mgeni, mimi ndiye mwenyeji,
mimi ndiye niliyesahau
kwamba milango ya watu ina funguo.

Candiru hakucheka. Aliandika kitu daftarini
na kusogeza tarehe ya malipo kwa siku nne.

Nimerudi mezani. Naandika mlinzi sasa,
mdogo, mkali, asiyejua jina langu,
nimweke kwenye wingu hili la uongo
anifukuze mara nyingi, bure,
kabla sijafukuzwa kwa dola.

Juu ya kichwa changu chuma kimeanza kulia.
Mvua yenyewe, isiyo na bili.
Candiru ametoka mbio kutega ndoo.