Komanda Anapobweka

Mama anasema mbwa wa Kasereka anajua.
Akibweka baada ya saa sita usiku,
ardhi itatetemeka kabla hapajakucha.
Majengo nzima inakubali. Hata Kasereka mwenyewe,
mchomelea vyuma, asiyeamini kitu asichokigonga kwa nyundo,
humwongezea Komanda mifupa
kila anga juu ya mlima linapokuwa jekundu.

Mimi niko mwaka wa pili, saikolojia.
Nimefundishwa nisiseme "si kweli"
kabla ya kusema "tuhesabu".
Basi nikanunua daftari soko la Virunga,
nikachora msalaba katikati ya ukurasa, vikatoka vyumba vinne:
alibweka, ikatetemeka;
alibweka, ikatulia;
alinyamaza, ikatetemeka;
alinyamaza, ikatulia.

Chumba cha kwanza ndicho sebule ya mtaa.
Humo tumepanga viti, humo tunapokea wageni:
"Unaukumbuka usiku ule? Si nilikuambia?"
Cha nne hakuna aliyewahi kukifagia.
Nani huamka asubuhi akapiga simu Beni
kumwambia dada yake: jana mbwa alilala, na sisi tukalala?

Siku sitini na moja.
Kalamu chini ya mto. Umeme ukikatika niliandika gizani,
herufi zikapandana kama mawe meusi ya ua wetu.
Jumapili nikajumlisha.
Alibweka usiku thelathini na tatu: ikatetemeka mara nne.
Alinyamaza usiku ishirini na nane: ikatetemeka mara tatu.
Nikacheka peke yangu. Nne, tatu. Mbwa ni mbwa.

"Mama, Komanda hajui kitu.
Anawabwekea wanaosukuma chukudu za viazi usiku."

Mama alikuwa anapima makala kwa kopo. Hakubisha.
Alisukuma mlango ukafunga, akanionyesha nyuma yake:
mistari ya makala, mifupi ya mbwa, mirefu ya ardhi,
tangu usiku uleule nilipofungua daftari.
"Sikutaka uhesabu peke yako," alisema.

Mirefu ilikuwa kumi na mmoja.
Yangu, saba.

Tukakaa sakafuni, daftari kwa mlango, usiku kwa usiku.
Tarehe tisa: mimi, "kimya". Yeye, mstari mrefu.
Tarehe kumi na nne, vilevile.
Nikafika ya tatu, nikajua kabla ya ya nne.
Nilikuwa nimelala.
Asubuhi niliandika kwamba ardhi ilitulia
kwa sababu mimi nilitulia.
Kile chumba cha nne, nilichokisifu mbele ya wenzangu darasani,
nilikuwa nimekijaza usingizi wangu mwenyewe.

Aibu ina joto lake. Nikatafuta pa kuipeleka.
"Na wewe, Mama, ni nani anayekuamsha?"
"Mbwa."
"Na asipobweka?"
Kopo likabaki hewani, makala yakidondoka moja moja.
Alifikiri muda mrefu, kama mtu anayetafuta deni la zamani.
"Usiku huo," alisema, "basi siujui."

Tulicheka hadi Kahambu akaamka kutuuliza kuna nini.
Hakuna kitu, mtoto. Mama yako na dada yako
wamegundua kwamba hawajagundua.

Sasa tumetafuta shahidi asiyelala wala kuogopa:
kopo la maji, limejaa hadi ukingoni,
juu ya majivu yaliyochekechwa, pale barazani.
Ardhi ikitikisika, maji yatamwagika, majivu yataonyesha doa.
Mbwa abweke, asibweke; tulale, tusilale.
Mama alichekecha majivu mwenyewe, mara mbili,
kwa umakini asioupa hata unga wa foufou.

Asubuhi ya kwanza tulitoka pamoja, pekupeku.
Kopo lilikuwa tupu, limelala ubavu.
Na juu ya majivu, wazi kama muhuri wa ofisi,
nyayo za mbwa, zikija,
zikirudi kwa Kasereka.

Nilitaka kurarua ukurasa, tuanze upya kesho.
Mama akanishika mkono.
"Hapana," alisema. "Na hiyo iandike."