Mkeka Ulio Ndani ya Debe

Mwenye nyumba alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne
kudai kodi, akaliona debe la mafuta
limeketi penye jua langu la pekee,
saa nne hadi saa sita.
"Na hiki ni nini?"
Nikamjibu, "Mkeka."

Akacheka. Jani moja tu, halijapasuka,
jembamba kama ulimi wa kiatu.

Hakumjua Bi Zuwena wa Pumwani,
mama wa mama yangu, aliyetutuma mtoni,
mimi na binamu yangu Shekue,
kwenye mkindu wa mashina sita
uliobanwa kati ya maji meusi na gereji.
"Kateni kinda, lile lililofumba bado.
Moja kwa kila shina. La pili ni wizi."
Miiba haikutukopesha.
Hili kovu la kidole gumba ni risiti.

Kisha kuanika juu ya bati,
kungoja umande ulainishe,
kuchana kwa ukucha, chane kwa chane,
na sufuria ya rangi ya zambarau
iliyotunywesha chai ya zambarau wiki nzima.
Aliposuka hakutazama vidole.
Alitazama mlango, akizozana na wapita njia
juu ya bei ya makaa,
na ukili ukashuka magotini
ukajikunja chini kama nyoka aliyeshiba.
Mkeka ulipokwisha ulikishinda chumba;
tuliutandika ncha moja ikipanda ukutani.

Tingatinga lililokuja kunyoosha kingo za mto
halikuuliza shina lipi limekwisha toa mwaka huu.

Sasa barabara kuu ina mitende ya mapambo,
imezungushiwa taa, haina miiba.
Nilikunja jani lake mara moja, usiku.
Likavunjika.

Tunda hili niliokota Karura, karibu na kijito.
Nyama yake, kidogo tu, nilifyonza njiani.
Mbegu ikalala udongoni miezi mitatu
hata nikaanza kumwagilia kwa hasira.

"Ni dume au jike?" Mzee Kirubi akauliza, sasa hacheki.
Sijui. Ukili haubagui.
"Litachukua miaka mingapi?"
Mingi.
"Na ukihama?"
Nitahama nao. Mkeka hukunjwa.

Akahesabu noti zake mara mbili,
akalizunguka lile debe kwa mbali,
akijibana ukutani,
kama mtu mwenye viatu
aliyekuta mkeka umetandikwa.