Kilimia, Jaribio la Saba

Januari, Moroto. Upepo umetulia,
nami niko nyuma ya hospitali, kando ya tangi la maji,
mguu mmoja wa tripodi juu ya tofali,
na kile kimota kinachoifuata mbingu polepole
kilichomaliza akiba yangu ya Sacco.
Nakipiga Kilimia mara mia na ishirini,
kila mara nusu dakika.
Kisha naifunika lenzi kwa kifuniko chake
nipige tena, mara thelathini, giza tupu.

Lomuria wa getini anasogea na tochi yake.
"Sista, giza nalo unalipiga la nini?"
"Nijue uongo wa kamera yangu.
Nikishaujua, nautoa."
Anafikiri kidogo.
"Basi na bosi wetu mpige akiwa amefunikwa."

Mchana mimi ni mtu wa eksirei.
Vuta pumzi. Ishike. Usitikisike.
Kifua cha mtu kinanijia kwenye kioo,
kijivu juu ya kijivu juu ya kijivu,
nami nalipwa kujua kijivu kipi kina neno.
Nilidhani nyota zitakuwa rahisi. Hazikohoi.

Programu ilizipanga picha zote, moja juu ya nyingine,
usiku kucha, feni ya laptopu ikilia kama kinu cha posho,
na alfajiri ikanipa
weusi, na punje saba za chumvi.
Nusura niifunge, niiuze.
Kumbe nuru ilikuwamo, imejikunyata kushoto kabisa,
kwenye kilima kile chembamba cha grafu.
Nikashika kitelezi, nikavuta.
Mbingu ikageuka rangi ya chai:
taa ya mochwari, mlingoti wa simu, ujinga wangu.
Nikatoa chai. Nikavuta tena.
Nikavuta kama mtu aliyeonja asali ya wizi.

Buluu ikaja, buluu ya kufulia mashati!
Nyota zikapakwa wanja, kila moja na duara lake jeusi.
Chenga nikazisugua hadi mbingu ikawa plastiki.
Nikamtumia kaka yangu Okwir, kule Jinja.
Akajibu: "Moto!"
Nikalala nikiwa bingwa.

Asubuhi yake akaletwa mtoto kutoka Nadunget,
kikohozi cha wiki sita, shati la baba yake mwilini.
Daktari amesimama begani kwangu: "Ongeza ukolezi."
Nikaongeza. Kivuli kikatokea, chini ya mfupa wa bega.
Nikapunguza. Kikapotea.
Nikaongeza, kikarudi, kizuri, kama kimechorwa.
"Daktari," nikasema, "hiki ni mkono wangu.
Sijui kama ni pafu lake."
Tukapeleka makohozi maabara, tukasubiri.

Nami jioni nikaifuta picha ya Okwir.

Jaribio la pili. La tatu umeme ukakatika.
La nne nilisahau kutoa giza.
La tano, la sita, sitaki kuyasema.
La saba nilivuta kidogo, nikaondoka,
nikaosha vyombo, nikarudi na macho mapya,
nikavuta kidogo tena.
Chenga nilizipunguza, sikuzimaliza:
nusu dakika zangu mia na ishirini si kitu,
acha zionekane kuwa si kitu.

Na hapo, bila kuitwa,
ukungu ukatoka kati ya nyota, mwembamba,
kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha baridi.
Wazee wa lugha walikipa jina lenye jembe ndani yake;
walikitazama ili wajue lini walime.
Hawakuhitaji kitelezi.
Mimi nahitaji, na mkono unaojua kuachia.

Pembeni, chini kulia, kuna doa.
Huenda lipo. Huenda ni chenga.
Nimeliacha hivyo, bila kulikoleza, bila kulifuta,
hadi nipate usiku mwingine kumi.

Lomuria ameinama kwenye kioo, tochi ameizima.
"Huu moshi?"
"Si moshi. Vumbi."
Akatazama viatu vyake, akatazama juu.
"Hata huko?"