Matope ya Jezi

Mechi ya tano sasa, na wavu wa wapinzani
bado una umande wake wa asubuhi.
Chuo chetu sifuri, wageni moja.
Mvua ya Kakamega, isiyokosa miadi ya saa tisa,
imewasukuma mashabiki hadi chini ya bati langu la kufulia.
Wachezaji wamevua, wametupa rundo, wamekwenda kuoga.

Injendi wa useremala ndiye huanza, kila mara:
"Kosa ni la kocha. Mtu anafundisha kuchomelea vyuma
Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi
anataka kuunganisha winga na mshambuliaji bila moto!"

Wanacheka. Khasiala hacheki.
Khasiala aliweka dau la pesa za chakula, leo anakula maneno.
"Winga gani? Amutavi? Yule hukimbia
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.
Anafika kwenye kibendera cha kona, anasimama,
anajikuna, anarudi."

"Uwanja umeinama," asema Bi. Makungu wa maktaba.
"Kipindi cha pili tunapanda mlima."
"Na cha kwanza, tukiteremka?"
"Cha kwanza mpira unatupita, unaingia mahindi ya watu."

"Ni maharagwe! Mtu ale maharagwe saa sita,
saa nane akimbie?"
"Kwani wenzetu wanakula nini?"
"Wanatula sisi."

Halafu mmoja, sikumwona, akataja Luvayo.
Namba kumi wa mwaka jana, yule wa pasi za kupenya
kama uzi tunduni mwa sindano.
Karo ilimrudisha nyumbani. Anafyatua matofali Khayega.
Wote wakatazama viatu vyao.
Mvua ikapata nafasi ya kusema.

Mimi nimeinamia karai.
Magazeti ya michezo siyasomi, nasoma matope.
Namba nne: matope kifuani, kwapani, hata kolani.
Huyu alilala chini kwa ajili yenu.
Kipa: ubavu wa kulia tu. Kushoto haruki,
na hiyo ni siri yangu na yake.
Lakini namba tisa, Asiligwa, huyu mnayemwimba,
jezi yake huja kwangu karibu ilivyotoka kwangu.
Nyasi mbili mgongoni, pale alipoketi kumlalamikia refa.
Na langoni kule ni tope tupu tangu Aprili.
Aliyefika hurudi na ushahidi.

Nikasema. Wala sikukusudia.
"Namba tisa haingii ndani ya kumi na nane. Tazameni."
Nikaiinua, nyeupe kama cheti kisicho na muhuri.

Kimya.
Kisha Injendi: "Labda ni sabuni."
"Sabuni gani hiyo, Mama Kavere?"
"Ya chuo? Kumbe pesa za viatu ziliishia kwenye sabuni!"
"Nani mweka hazina?"
Wakaondoka nayo hiyo sabuni, wakaigeuza, wakaipigia kura,
mpaka mvua ikakatika nao wakatawanyika
kila mtu na ushindi wake.

Jioni akaja Asiligwa mwenyewe, kandambili mkononi.
Alikuwa amesikia. Huku maneno hayalowi.
"Mama, nikingoja mle ndani naota mizizi,
hakuna anayeniletea mpira.
Nikitoka kuutafuta, mnasema siingii.
Luvayo alikuwa hatazami hata, anajua nilipo."
Akaigusa jezi kwenye kamba, akaiacha.

Sikuwa na jibu. Matope husema mtu alikofika.
Hayasemi alingoja nini.

Jumamosi ni Webuye, ugenini.
Nimenunua miche miwili ya sabuni badala ya mmoja,
kwa pesa zangu,
na mweka hazina asiulizwe.