Chumvi ya Kutia

Ziwa letu la Heeg halina chumvi.
Onja mwenyewe: maji matamu,
yenye ladha ya matope na matete.
Chumvi tunaitia sisi, kila Jumamosi ya baridi,
ndani ya banda la mabati la Durk,
mashua zikiwa juu ya magogo, matumbo wazi,
kama wagonjwa waliosahauliwa na daktari.

Nje, barafu imeufunga mfereji.
Ndani tunakwangua rangi ya mwaka jana,
tunakunywa kahawa, tunakula keki ya tangawizi
iliyopakwa siagi nene kama nta.

Hylke ndiye huanza. Hana breki.
"Nanga niliitupa mwenyewe, kwa mikono miwili,
nikaisifu inavyozama,
kisha nikauona mnyororo kando ya mguu wangu,
umejikunja kama paka,
haujafungwa popote."
Tunacheka, ingawa tunaijua.
Mwaka juzi nanga hiyo ilikuwa ya kilo kumi,
leo imefika arobaini.
Nadhani kule chini inakula samaki.

Femke ni daktari wa meno, hacheki ovyo.
Alimkodishia mashua mgeni kutoka Ujerumani,
baada ya saa nzima mgeni akapiga simu:
"Mama, injini yako imechoka."
Femke akamfuata kwa baiskeli, akamkuta katikati ya mfereji
anaburuta gati zima:
mbao, kamba, bata aliyelalia mayai,
na babu mmoja mvuvi juu ya kiti chake,
kimya, fimbo mkononi.
"Sikutaka kumsumbua," babu akasema,
"na huku samaki wanakula vizuri zaidi."

Lakini kisa cha ng'ombe kilikuwa cha Wiebren.
Kwetu hupandi mashua ya mtu bila kubisha,
na kisa chake pia hukigusi.
Tangu Oktoba, tulipomzika,
ndoo ya rangi aliyokuwa akiikalia
tunaipita kwa upande, kama mbwa aliyelala.

Leo mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia,
na nyuma ya baridi, Sjoukje,
kofia ya sufu ya marehemu imemfunika hadi nyusi.
Alikuja kuuliza bei. Mashua ataiuza, labda.
Durk akatazama dari. Hylke akatazama viatu vyake.
Sjoukje akaigeuza ndoo, akaikalia.

"Ng'ombe yule," akasema.

Tulikijua kisa neno kwa neno:
usiku, ukungu mzito kama uji,
Wiebren kwenye usukani anapuliza honi,
na gizani mbele yake sauti nene inajibu: Muuu.
Meli kubwa! Anaipisha. Anapuliza tena. Muuu.
Anaipisha tena, hadi alfajiri,
ukungu unainuka, naye amekwama kwenye matope ya malisho,
na ng'ombe anamkagua kama ofisa wa forodha.

"Usukani niliushika mimi," akasema Sjoukje.
"Yeye alikuwa chini, amelala fofofo.
Na honi hatukuwa nayo.
Kilicholia ni mkoromo wake.
Ng'ombe alikuwa akimjibu yeye."

Hakuna aliyepumua.

"Miaka ishirini na sita nimemwachia.
Alikipenda kisa kile
kuliko mimi nilivyoupenda ukweli.
Sasa nimerithi vyote viwili,
na sijui vya kuvifanyia nini."

Hylke akapenga kamasi kwa kitambaa cha rangi,
pua ikawa ya bluu, hatukumwambia.
Ndipo chini ya mashua ya Wiebren,
sijui ni nani, sitamtaja hata nikijua,
mtu akakoroma, mkoromo mrefu wenye mkia.

Nasi wote, watu wazima, wenye wajukuu na madeni ya benki,
tukajibu kwa sauti moja
hadi mabati yakatetemeka.

Brashi zilikauka zote. Femke alilaani.
Bei hakuna aliyeitaja.